Matairi Mawili Mapya

Ukifika kwa Igarashi fundi matairi mwezi wa kumi, unapewa kiti karibu na jiko la mafuta, unapewa chai, na unaulizwa habari za mama mkwe. Ukifika mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, redio ikiwa imekwisha kutangaza theluji ya kesho, unakuta foleni ya magari imefika mpaka darajani, na Igarashi mwenyewe hana hata nafasi ya kuinua uso. Yuda Masumi alifika siku ya foleni.

Alijua ni kosa lake. Tangu majira ya kuchipua, alipoyavua matairi ya baridi na kuyapanga bandani, aliona wazi kuwa yale mawili ya nyuma yamebaki kipara. Gari lake lilikuwa la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, na magari ya namna hiyo hula matairi ya nyuma kama moto unavyokula nyasi. Akasema, nitanunua kiangazi. Kiangazi kikapita na nyanya zake. Akasema, nitanunua baada ya mavuno. Mavuno yakapita. Sasa alikuwa amesimama mlangoni kwa Igarashi, mikono ndani ya mifuko ya koti, akisikiliza mashine ya kufungulia nati ikilia kama nyigu.

Masumi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kunyanyua. Kwa miaka mingi aliendesha basi la shule, mpaka shule ya bondeni kwao ikakosa watoto na kufungwa. Basi likauzwa, yeye akanunua kigari kilichotumika, chenye lifti ya kiti cha magurudumu mlango wa nyuma, akaanza kuwabeba wagonjwa wa figo. Mara tatu kwa wiki aliwachukua majumbani alfajiri, akawavusha kilima cha Kurosaka mpaka kliniki ya mjini, akawasubiri damu yao isafishwe, akawarudisha. Hakukuwa na gari lingine la kuwabeba. Na mgonjwa wa figo hana kusema leo nimechoka, nitakwenda kesho.

Igarashi alimwona hatimaye. Walisoma darasa moja, kwa hiyo hakumkawiza kwa adabu.

"Wewe! Nilikuambia nini siku ya sherehe ya mavuno?"

"Uliniambia nije mapema."

"Na hii ndiyo mapema yako?"

"Igarashi, nipige kesho. Leo nifungie matairi."

Akafuta mikono, akamchukua mpaka stoo nyuma. Saizi ya gari la Masumi ilikuwa imebaki ya aina mbili tu. Kwanza, matairi manne mapya kabisa, mororo, raba yake ukiibonyeza kwa kidole inaingia kama keki ya mchele. Masumi akafurahi. Igarashi akatikisa kichwa.

"Hayo ni ya gari la nyumbani. Saizi ni hiyohiyo, yatakaa, lakini ubavu wake ni mwepesi. Wewe una lifti ya chuma huko nyuma, una watu, una viti. Nikikufungia haya na ubavu ukapasuka kilimani, mimi nitawatazama vipi watu wa bonde hili?"

"Na haya?"

"Haya ndiyo yenyewe." Akapiga teke taratibu matairi mawili yaliyosimama pembeni. Yalikuwa na ubavu mgumu, yametengenezwa kwa magari ya mizigo. "Lakini yako mawili. Mengine mawili yanakuja wiki ijayo."

"Wiki ijayo! Theluji inaanguka usiku huu."

"Theluji haikuniuliza mimi."

Wakatoka kwenda kuyaangalia yale ya zamani ambayo Masumi alikuja nayo ndani ya gari. Mawili yaliyokuwa ya mbele yalibaki na kashata nzuri, yaani meno ya tairi, ukiyatazama kwa mbali ungesema bado mapya. Igarashi akalikwaruza moja kwa ukucha. Ukucha ukateleza.

"Yamekauka. Kina kipo, lakini raba imekuwa kama sahani. Barafu haishikwi na kina cha kashata, inashikwa na ulaini."

"Yatafaa kwa wiki moja."

"Basi tufanye hivi. Mapya tuyafunge mbele."

Masumi akamkazia macho. "Mbele? Gari linasukumwa na nyuma, bwana."

"Ninajua linasukumwa na wapi."

"Kwa hiyo nyuma kukae makavu? Nitapandaje Kurosaka?"

"Kupanda utapanda, utaona. Nakuambia habari ya kushuka. Kukata kona ni mbele, kusimama kwa sehemu kubwa ni mbele. Mbele kukikataa, wewe ni abiria tu kama wao."

"Nisipopanda, hakuna kushuka kwenyewe. Na nyuma kukiteleza kwenye kona, gari linageuka lote. Baba yangu alibeba magogo kwenye kilima kile maisha yake yote, na kila mwaka mapya aliyafunga nyuma."

"Baba yako alikuwa na tani nane za magogo mgongoni!"

Watu wa kwenye foleni walianza kusikiliza. Mmoja akacheka. Masumi akahisi masikio yanamwaka, na mtu akishahisi hivyo mbele za watu, hata neno jema haliingii.

"Nyuma," akasema.

Igarashi akamtazama kidogo, kisha akainama kuchukua jeki. "Gari ni lako. Lakini minyororo yako ninaijua, ina kutu. Chukua hii yangu, mpya. Na pitia barabara ya mtoni. Kilimani usiende."

Hilo la mwisho Masumi alilikubali kwa moyo mmoja.

*

Theluji ilianguka usiku kucha, ile nzito yenye maji, inayokunja mianzi. Alfajiri bonde zima lilikuwa kimya. Masumi alipowasha gari alisikia matairi ya nyuma yakiuma barabara, yakimsukuma bila kuteleza hata kidogo, akajisemea moyoni: umeona, Igarashi?

Wa kwanza kumchukua alikuwa Bi Fumie, aliyekuwa na nyumba ya wageni yenye maji ya moto mpaka magoti yalipomshinda. Alikuwa amesimama kibarazani tayari, kitambaa kimefungwa kichwani, kiti chake cha magurudumu kimekunjwa kando.

"Tutafika, mama?"

"Tutafika, Bi Fumie. Nimefunga mapya."

Wa pili alikuwa Meguro, seremala, mtu wa makamo ambaye mashine ya kusafisha damu alianza kuitegemea mwaka huo na bado alikuwa na hasira nayo. Alikaa kiti cha nyuma kabisa kama kawaida yake, mkono wa kushoto ameukumbatia. Ule ndio mkono wa mashine. Mshipa wake ulikuwa umetengenezwa na daktari ili sindano zipite, na alikatazwa kunyanyulia kitu kizito. Kwa seremala, hilo lilikuwa kama kukatwa nusu.

Wa tatu alikuwa mzee Kinjiro. Kwa kawaida Kinjiro alimsubiri kando ya barabara akiwa na maneno yake. Siku ile hakuwepo. Masumi alipiga honi, akashuka, akamkuta amekaa kwenye ngazi ya ndani, kiatu kimoja kimevaliwa, kingine mkononi.

"Babu, vipi?"

"Mguu umekataa, binti yangu. Ninauambia nyanyuka, unanitazama tu."

Masumi akatazama juu. Chini ya dari ya kibaraza palikuwa na kamba za matunda ya makaki yaliyomenywa na kuanikwa, ya rangi ya chungwa, yameanza kusinyaa na kutoa sukari. Kamba moja ilikuwa na nafasi tupu nyingi.

"Babu Kinjiro. Umekula mangapi?"

"Ndege wamekula."

"Ndege wana mikono ya kufungua kamba?"

Mzee akacheka kidogo, lakini kicheko hakikufika mbali. "Jana nilikula manne. Labda matano. Marehemu mke wangu aliyatengeneza hivihivi, Masumi. Mtu anawezaje kuyatazama tu?"

Kila aliyebeba wagonjwa wale alijua: matunda makavu kwa mtu asiye na figo ni sumu. Madini yake ya potasiamu hubaki kwenye damu, huanza na miguu, kisha hupanda kwenye moyo, na moyo husimama bila kubisha hodi. Akambeba mzee nusu nusu mpaka garini, akamkalisha karibu na Bi Fumie, akafunga mkanda. Kutoka hapo ile haikuwa safari ya kawaida, na kila aliyekuwa ndani alilijua hilo.

Walipofika njia panda ya mtoni walikuta mtu wa barabara amevaa koti la njano, anapunga fimbo ya taa. Miti mitatu ya misunobari imeanguka, imelala njiani pamoja na nyaya.

"Mpaka lini?" Masumi akauliza kupitia dirishani.

"Mchana, labda. Watu wa umeme bado hawajafika."

"Nina mgonjwa."

"Pole, mama. Hata gari la wagonjwa nimelirudisha sasa hivi. Kilimani gari la kusukuma theluji limepita mara moja. Lakini chini yake pameganda."

Masumi akafunga kioo. Kwenye kioo cha ndani aliona macho ya Bi Fumie yakimtazama, na mkono wake umeshika kiwiko cha Kinjiro.

"Midomo inamwasha," Bi Fumie akasema polepole. "Anasema ni kama sisimizi."

Kutoka kiti cha nyuma Meguro akasema, "Unangoja nini?"

*

Kupanda, kilima hakikuwa na neno. Gari lilikwenda kama trekta. Kila Masumi alipokanyaga mafuta kidogo, nyuma kulisukuma sawasawa, na theluji ilikuwa ikiangukia kioo kwa matone mazito, na wipa ikiyasukuma pembeni kwa shida. Aliongea na Kinjiro bila kugeuka.

"Babu, nitukane basi. Leo hujanitukana."

"Unaendesha kama bibi harusi," Kinjiro akasema. Ulimi wake ulikuwa mzito.

"Hilo si tusi."

"Bibi harusi asiyetaka kufika."

Bi Fumie akacheka kwa ajili ya kumpa moyo. Meguro hakucheka. Walivuka kileleni, wakapita handaki fupi, wakatokea upande wa pili, na pale upepo ulikuwa umeipangusa theluji yote na kuacha barafu tupu, nyeusi, inayong'aa kama sakafu iliyopigwa nta.

Masumi akateremsha gia. Gari likapunguza mwendo. Kona ya kwanza akaikata polepole, na hapo ndipo alipohisi: usukani ulikuwa mwepesi. Mwepesi kupita kiasi, kama usukani wa gari la kuchezea, usiofungwa na chochote. Mbele kulichelewa kidogo, kisha kukatii. Akakumbuka maneno ya Igarashi, na wakati huohuo akatamani asiyakumbuke.

Kona ya pili ilikuwa ndefu, inazunguka upande wa korongo. Chini kabisa mtu angeona vilele vya miti tu. Masumi akagusa breki, mguso wa unyoya, akageuza usukani kulia. Gari halikugeuka. Lilikwenda moja kwa moja, pua imeelekea ukingo wa chuma, na nyuma kulikoshika vizuri kulizidi kulisukuma. Magurudumu ya mbele yalikuwa yametazama kulia, gari linakwenda mbele, kama mtu anayeongea na mwingine asiyesikia.

"Masumi!" Bi Fumie akapaza sauti.

Aliachia breki. Huo ndio uamuzi mgumu kuliko yote aliyopata kuyafanya, kuachia breki gari likielekea korongoni, maana mwili mzima ulikuwa ukimwambia kanyaga. Akarudisha usukani karibu na kunyooka, akasubiri. Kusubiri kule hakukuwa na urefu wowote wa saa, lakini aliona kila kitu: bolti za ukingo, kibandiko chekundu, theluji iliyokaa juu ya chuma kama mkate. Kisha tairi la mbele likapata kipande cha theluji yenye kukwaruza, likauma. Akageuza kidogo, si sana, gari likageuka, likaukosa ukingo kwa upana wa mkono, likavuka barabara nzima na kwenda kujitupa kwenye tuta la theluji upande wa mlima. Kishindo laini.

Injini ilikuwa bado inanguruma.

"Kuna aliyeumia?" Masumi akauliza, akigeuka.

"Mimi sijambo," Bi Fumie akasema. "Mzee sijui. Mapigo yake yanaruka. Yanapiga, yanasahau, yanapiga."

Meguro alikuwa amekwisha kufungua mkanda na kusogea mbele. "Mbele umefunga nini?"

"Ya zamani."

"Mungu wangu."

"Ninajua! Najua, Meguro. Utanisema tukifika."

Alitoa simu. Haikuwa na mtandao. Upande ule wa kilima haukuwahi kuwa nao. Akaweka gia ya kurudi nyuma, akakanyaga kidogo sana, na yale matairi mapya yakashika, yakalitoa gari kwenye tuta bila kelele. Hatua chache chini palikuwa na paa la zege lililojengwa juu ya barabara kuzuia maporomoko ya theluji, na chini yake lami ilikuwa kavu na tambarare. Masumi akalipeleka gari kule kwa mwendo wa konokono, magurudumu ya upande mmoja yakisaga pembeni kwenye theluji ili yapate cha kushika. Walipoingia chini ya paa, aligundua kwamba alikuwa ameuma shavu la ndani mpaka limetoka damu.

"Nina minyororo," akasema. "Naifunga mbele."

"Haiwezekani," Meguro akasema. "Tazama nafasi kati ya tairi na bodi. Mnyororo utapiga bomba la breki. Utaukata, halafu ndiyo tutakwenda kweli."

"Nikiifunga nyuma, mbele kutabaki vilevile."

Upepo ulipita kati ya nguzo za zege ukilia. Ndani ya gari Kinjiro alisema kitu kisichoeleweka, na Bi Fumie akamjibu kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgeni aliyekunywa.

Ni Masumi aliyelisema, ingawa baadaye Meguro alidai kuwa yeye alikuwa analo mdomoni. "Mapya yaende mbele. Makavu yaje nyuma, tuyavishe minyororo. Mnyororo haujali raba ni ngumu au laini."

"Una jeki moja."

"Na tairi la akiba. Tunalitumia kama mguu wa kuazima. Natoa la nyuma, naweka la akiba. Natoa la mbele, naweka lile jipya. Halafu la zamani naliweka nyuma mahali pa la akiba. Upande mmoja, kisha mwingine."

Meguro akatazama barabara, akamtazama mzee kupitia kioo. "Haraka basi. Nati utalegeza wewe, mimi nina mkono mmoja."

Walifanya kazi bila maneno ya ziada. Masumi alipiga magoti kwenye lami, akaikanyaga spana kwa mguu ili nati zilegee. Meguro alitafuta mawe ya kuzuia magurudumu, akayapigilia kwa kisigino. Alibiringisha matairi kwa mkono wa kulia na kuyasukuma kwa goti, kushoto ameuficha ndani ya koti kama mtoto mchanga. Vidole vya Masumi vilikufa ganzi, nati ikamtoka, ikabiringika kuelekea mteremko, na Meguro akairukia na kuikanyaga kwa buti.

"Shika vizuri, mama!"

"Usinipigie kelele!"

"Nimeipigia nati, sijakupigia wewe!"

Kwenye gurudumu la mbele la upande wa pili tairi lilikuwa limeganda kwenye chuma chake, halitoki. Masumi alilipiga teke, akalipiga tena. Halikutikisika. Akaegemea gari, pumzi zinamtoka kwa moshi, na machozi yakaanza kumjia, machozi ya hasira tupu. Mlango ukafunguliwa kidogo, Bi Fumie akatoa uso.

"Masumi. Ananiita mimi mke wake."

Meguro akasukuma tairi kwa bega la kulia, na kabla Masumi hajamzuia, akalishika kwa mikono yote miwili na kulivuta. Likatoka kwa mlio, akaanguka nalo chali.

"Mkono wako!"

"Funga! Funga kwanza!"

Alifunga. Minyororo ya Igarashi ilikuwa rahisi kuivaa, vyuma vyake bado vinang'aa kwa mafuta. Walipoondoka chini ya paa lile, minyororo ilianza kugonga kwa nyuma, ga-ga-ga-ga, na Masumi akaijaribu kona ya kwanza huku akinong'ona kitu ambacho hata mwenyewe hakukisikia. Usukani ukawa mzito. Uzito ule ulimpendeza kuliko chochote alichowahi kushika. Pua ikageuka ilipoambiwa. Breki zikauma. Akashuka Kurosaka yote kwa mwendo wa mtu anayetembea na mzigo wa mayai, Meguro kando yake kwenye kiti cha mbele akitamka kila kona kabla haijafika: "Kushoto. Refu. Barafu. Sasa achia."

*

Pale kliniki walikuwa wakiwasubiri mlangoni, maana mtu wa barabara alikuwa amepiga simu. Walimchukua Kinjiro kwa machela, wakampachika nyaya kifuani wakiwa bado kwenye korido. Muuguzi mkuu, mwanamke mkali ambaye wote walimwogopa, alitazama mistari kwenye mashine na uso wake ukabadilika. Hakumgombeza mtu. Alisema tu, "Chumba cha kwanza, upesi," na milango ikafungwa.

Masumi alibaki kwenye maegesho. Alikaa garini, usukani mkononi, injini imezimwa, theluji ikizidi kukifunika kioo mpaka ndani kukawa na mwanga mweupe kama wa chini ya shuka. Mtu aligonga dirisha. Alikuwa Meguro, bandeji mpya mkononi, mkono wa pili umeshika kopo la kahawa moto kutoka kwenye mashine.

"Wanataka kunichoma sindano. Nimewaambia wangoje dakika moja."

"Mshipa je?"

"Unavuma bado, damu inapita. Muuguzi amesikiliza." Akampa kopo kupitia dirishani. "Kanitukana mpaka nimeona raha."

"Ungeupoteza."

"Ningeupoteza." Akasimama kidogo, theluji ikimkaa mabegani. "Nilisema nitakusema tukifika. Basi nimefika, na sina la kusema. Kunywa."

Mzee Kinjiro alikaa hospitali siku kadhaa. Moyo ulirudi kwenye mwendo wake damu iliposafishwa, na alipopata ulimi aliuliza kwanza kama kamba za makaki kibarazani kwake zimeingizwa ndani zisilowe. Masumi alizigawa zote kwa majirani, hakumbakizia hata moja, na mzee alimnunia mpaka mwaka mpya. Igarashi alipoletewa gari kwa ajili ya matairi yale mawili mengine, aliona namna yalivyopangwa, mapya mbele, makavu nyuma, akafungua mdomo kuuliza. Masumi akamweleza yote, kona, ukingo na paa. Igarashi hakucheka. Alikwenda kukaa kwenye kiti chake karibu na jiko, akavua kofia.

"Ningekufungia mapya mbele kama nilivyotaka," akasema, "pengine msingepanda hata hicho kilima. Mngekwama upande wa huku."

"Na babu angekufa upande wa huku."

"Sijui, Masumi. Mimi sijui tena nilitaka kusema nini siku ile."

Lakini lililomuuma Masumi lilikuja baadaye, kutoka kwa Bi Fumie. Siku moja wakirudi, baada ya Meguro kushuka, alisema kwa upole uleule aliokuwa akiwaagia wageni wake zamani.

"Mama, baridi hii nitakaa mjini. Kuna chumba karibu na kliniki. Mwanangu amekipata."

"Ni kwa sababu yangu."

"Ni kwa sababu ya kona ile. Kila tukipita, mikono yangu inashika kiti yenyewe. Nimeiambia iache, haisikii." Akamgusa bega. "Uliachia breki. Nilikuwa ninakutazama. Mimi ningekanyaga, na tungekwenda sote. Hilo ninalijua. Lakini kupanda tena, siwezi."

Masumi ndiye aliyemhamisha. Alipakia godoro, birika, televisheni ndogo na kiti cha magurudumu, akaupandisha mzigo wote kwa lifti mpaka chumba cha ghorofa ya pili chenye dirisha la kutazama ukuta wa jirani. Bi Fumie alitengeneza chai, wakanywa wakiwa wamekaa juu ya mabunda, wakazungumza habari za bei ya mafuta ya jiko na za mtu aliyekuwa akiishi hapo kabla. Walipoagana, Bi Fumie aliinama chini sana mlangoni, na Masumi naye akainama, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyanyuka.

Chini, gari lilikuwa limesimama kando ya barabara kwa matairi manne mapya, na ndani Kinjiro na Meguro walikuwa wakibishana kuhusu dirisha, mmoja analitaka wazi, mwingine limefungwa. Masumi akaingia, akafunga mkanda. Kiti cha Bi Fumie kwenye kioo kilikuwa kitupu. Akawaambia wanyamaze wote wawili, akaondoka taratibu kuelekea kilimani.